Ukurasa mmoja unaompeleka mwandishi gazetini

Alhamisi ya tarehe 7 Oktoba 2021, saa nane mchana kwa saa zetu, Mats Malm, katibu wa kudumu wa Akademia ya Uswidi, alisimama mbele ya waandishi wa habari mjini Stockholm akatangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya Fasihi ya mwaka huo imekwenda kwa Abdulrazak Gurnah. Taarifa waliyopewa waandishi ilikuwa fupi mno. Kiini chake kilikuwa sentensi moja: ilimtaja mshindi, ikasema ni mzaliwa wa Zanzibar ambaye kazi zake amezifanyia Uingereza, kisha ikaeleza kwamba anatuzwa kwa jinsi alivyoyachimbua, bila kulegeza na kwa huruma, madhara ya ukoloni na yanayomfika mkimbizi. Wasifu wake na orodha ya vitabu vyake viliwekwa kando, kwa atakayevihitaji.

Vyumba vya habari vya Dar es Salaam, Unguja, Nairobi na Mombasa havikusubiri kuelezwa zaidi. Wahariri ambao hawakuwa wamesoma hata riwaya moja kati ya kumi alizokwisha kuziandika walijua mara moja habari yao inaanzia wapi: ni mtoto wa Zanzibar, aliyezaliwa mwaka 1948, akaondoka kisiwani akiwa kijana baada ya Mapinduzi. Haukupita muda ukazuka ubishi kama ni Mtanzania au ni Mwingereza, na ubishi huo nao ukapata nafasi gazetini. Mwaka uliofuata, riwaya yake Paradise ilitoka kwa Kiswahili ikiitwa Peponi, katika tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyochapishwa na Mkuki na Nyota.

Mwandishi aliyejichapishia riwaya Tandika, Kisumu au Bukavu hana akademia nyuma yake, wala hana mchapishaji mwenye kitengo cha uhusiano. Lakini sentensi ile ya Stockholm haikuwa na siri yoyote. Ilisema nani, amefanya nini, kwa nini jambo hilo lina uzito, na ametoka wapi. Hayo manne yako ndani ya uwezo wa mtu yeyote aliyeweza kuandika kitabu kizima. Kinachosikitisha ni kwamba taarifa nyingi za waandishi wetu zinazofika kwenye meza ya mhariri hazinayo. Zina sifa, shukrani na salamu, na mhariri akimaliza kusoma hajui bado kitabu kinahusu nini.

Kujichapishia si jambo geni kwetu. Mwaka 1972 David Maillu alianzisha Comb Books mjini Nairobi, akachapisha mwenyewe vitabu vyembamba vya maisha ya mjini ambavyo wasomi walivikunjia uso na makarani wa ofisini wakavinunua. Mwaka 1976 Tanzania ikavipiga marufuku. Dar es Salaam, Ben Mtobwa, mwandishi wa Dar es Salaam Usiku na Salamu Toka Kuzimu, alianzisha Heko Publishers na kuchapisha huko riwaya zake. Eric Shigongo alizipitisha hadithi zake kwanza kwenye magazeti ya kampuni yake, Global Publishers, msomaji akangoja toleo lijalo ajue nani kafa. Mtobwa na Shigongo walikuwa watu wa magazeti pia. Walijua mhariri anataka nini, kwa sababu kazi ya gazeti waliijua kutoka ndani.

Mwandishi wa leo hakupita huko. Yeye ni mwalimu, muuguzi, mwanafunzi, askari mstaafu. Amejibana akapata fedha za kiwanda cha uchapaji, amekwenda Maktaba Kuu ya Taifa kuomba namba ya ISBN, ile ya tarakimu 13 ambayo kwa Tanzania mara nyingi utaiona ikibeba 9976 au 9987 na kwa Kenya 9966 au 9914. Amempata mchoraji wa jalada. Amefanya yote yanayompasa mchapishaji, isipokuwa moja: hajauambia umma kwamba kitabu kipo. Ukimuuliza, wengine watakujibu kwa methali kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mimi nasema methali hiyo imewagharimu sana waandishi wetu. Kizuri hujiuza pale kilipowekwa mnunuzi akakiona. Riwaya iliyofungwa kwenye maboksi sebuleni haijaonekana na mtu, iwe nzuri iwe mbaya.

Basi tuanze na kazi ya taarifa kwa vyombo vya habari. Wanahistoria wa taaluma ya uhusiano na umma humtaja zaidi Ivy Lee, Mmarekani aliyekuwa mwandishi wa gazeti kabla ya kuajiriwa na makampuni kuwa msemaji wao. Tarehe 28 Oktoba 1906, treni ya umeme ya Shirika la Reli la Pennsylvania ilitumbukia majini kutoka darajani karibu na Atlantic City, wakafa watu zaidi ya 50. Desturi ya mashirika ya wakati ule ilikuwa kunyamaza na kufunga milango. Lee alifanya kinyume: aliandika maelezo ya kilichotokea akayagawa kwa magazeti, na New York Times likayachapisha kama yalivyo. Mwaka huohuo alitoa tamko la misingi yake kwa wahariri, na ndani yake aliwaambia jambo ambalo kila mwandishi wa kitabu angelibandika ukutani: kwamba kama wanaona alichowaletea kinastahili kwenda ofisi ya biashara, kunakouzwa matangazo, wasikitumie.

Hapo ndipo taarifa nyingi za vitabu zinapokwama. Gazeti lina milango miwili. Mmoja ni wa habari, na hapo hulipi kitu. Mwingine ni wa matangazo, na hapo unalipia nafasi. Mwandishi akileta karatasi inayosema kitabu chake ni bora, ni cha kusisimua, kimejaa mafunzo na kila mmoja akinunue, amegonga mlango wa matangazo mkononi hana fedha za tangazo. Mhariri hamchukii. Anaiweka karatasi pembeni kwa sababu haina kitu cha kumwambia msomaji wake.

Nitoe mfano wa kubuni, lakini wenye historia ya kweli ndani yake, tuone tofauti kwa macho. Tuseme mwalimu mstaafu wa Pangani ameandika riwaya kuhusu manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge. Taarifa yake, kama zilivyo nyingi, ingeanza hivi:

"Mwandishi mahiri na mwenye kipaji cha pekee anayo furaha kubwa isiyo na kifani kuutangazia umma wa Watanzania na dunia kwa ujumla kwamba, baada ya juhudi za muda mrefu na kwa neema za Mwenyezi Mungu, amefanikiwa kukamilisha kitabu cha kusisimua chenye mafunzo mengi kwa rika zote."

Isome tena. Hakuna mkonge, hakuna Pangani, hakuna manamba. Ukibadilisha jina la mwandishi, sentensi hiyo inafaa kitabu cha mapishi, cha dini au cha ujasiriamali. Mhariri anayepokea barua pepe kwa makumi kila asubuhi ataishia kwenye "isiyo na kifani". Sasa mwalimu huyohuyo aanze hivi:

"Mwalimu mstaafu wa Pangani ameandika riwaya inayofuata maisha ya manamba wa mkonge, vibarua waliochukuliwa kutoka Kigoma, Njombe, Songea na nchi jirani kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Tanga wakati wa ukoloni. Mwandishi, ambaye baba yake alikuwa mmoja wao, ataizindua Jumamosi ijayo katika ukumbi wa shule aliyofundisha."

Aya hii ya pili haina sifa hata moja, lakini sasa mhariri ana kitu mkononi. Ana watu, ana mahali, ana kipindi cha historia ambacho babu za wasomaji wake walikipitia. Ana mtoto wa kibarua aliyekuwa mwalimu na sasa ni mwandishi. Anajua tukio ni lini na wapi. Hata kama nafasi imebaki ya sentimita chache, anaweza kuichukua aya hiyo peke yake akaichapisha na habari ikawa imekamilika. Ndiyo maana watu wa magazeti husisitiza mambo mazito yatangulie: ukurasa ukijaa, kisu hukata kuanzia chini.

Aya inayofuata ndiyo ya kuthibitisha kwamba mwandishi anakijua anachokizungumzia. Mwalimu wetu angeweza kueleza kwamba mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf. Kwamba kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa kutoka Florida ni 62 tu iliyofika ikiwa hai. Na kwamba kutoka kwenye miche hiyo Tanganyika ilikuja kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani, ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka ilipofika 1964. Angeweza kuitaja SILABU, ofisi ya wenye mashamba iliyoanza mwaka 1944 kwa ajili ya kukusanya vibarua kutoka mbali. Mambo haya hayamsifu mwandishi kwa neno lolote, lakini mhariri akiyasoma anatambua kwamba mtu huyu amefanya utafiti. Naye msomaji wa gazeti, hata asiponunua kitabu, ameondoka na kitu.

Angalia pia milango inayofunguka. Taarifa iliyotaja Kigoma na Njombe inaweza kutumwa kwa redio za Kigoma na Njombe, maana wapo huko wajukuu wa watu waliokwenda kukata mkonge na wengine hawakurudi. Waliotoka Burundi na Rwanda, enzi zile zikiitwa Ruanda-Urundi, nao wana wajukuu wanaozungumza Kiswahili na kusikiliza redio. Kitabu kimoja cha Pangani kimepata wasikilizaji wa mbali kwa sababu mwandishi alikumbuka kuandika watu wake walitoka wapi. Stockholm walifanya hivyohivyo walipoandika neno Zanzibar.

Kitu cha tatu ni nukuu, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nukuu ndiyo inayoharibiwa zaidi. Mwandishi anajinukuu akisema: "Nimefurahi sana kukamilisha kazi hii na nawaomba Watanzania waniunge mkono." Mhariri ameisoma sentensi hiyo mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, kutoka kwa wasanii, wagombea na wenye maduka. Nukuu inapasa kubeba jambo ambalo hakuna mwingine anayeweza kulisema isipokuwa mwandishi mwenyewe. Vibarua wa mkonge walikuwa na kadi ya kazi iliyoitwa kipande. Siku aliyofanya kazi kibarua ilitiwa alama, na mshahara ulitoka siku 30 zilipotimia. Mwalimu wetu akisema, "Kipande cha baba ninacho mpaka leo. Siku alizougua hazikutiwa alama, na hazikulipwa. Nilianza kuandika kutokea hapo," mwandishi wa habari yeyote mwenye damu mwilini atainua simu ampigie. Atataka kukiona hicho kipande. Atataka kukipiga picha. Hapo taarifa imekwisha kufanya kazi yake, kwa sababu lengo lake kubwa ni kumfanya mwandishi wa habari atake kuuliza swali la pili.

Na sifa za watu wengine je? Zina nafasi yake, mradi zimetolewa na mtu anayejulikana, kwa ridhaa yake, na juu ya kitabu hicho hasa. Mshairi Walt Whitman alijichapishia Leaves of Grass mjini Brooklyn mwaka 1855. Alipopata barua ya faragha ya pongezi kutoka kwa Ralph Waldo Emerson, aliitoa gazetini bila kumwomba, na mwaka uliofuata akachapa maneno ya barua hiyo kwa rangi ya dhahabu kwenye mgongo wa toleo la pili. Aliandika pia tahakiki za kitabu chake mwenyewe bila kutia jina. Ni mshairi mkubwa, na ushairi wake umeishi. Hila hizo hazikumwongezea kitu, na wanaoandika habari zake hawajaacha kuzitaja. Kwetu siku hizi ujumbe wa WhatsApp wa profesa mmoja unaosema "hongera, kazi nzuri" unageuzwa kuwa uhakiki wa kitaaluma kwenye taarifa. Profesa akipigiwa simu na gazeti akashangaa, jina la mwandishi limeharibika katika chumba hicho cha habari, na wahariri huambiana.

Ukweli huo uende mpaka kwenye tarakimu na vyeo. Usiandike kwamba kitabu ni cha kwanza cha aina yake Afrika Mashariki kama hujazunguka maktaba zote za Afrika Mashariki. Usijiite mwandishi wa kimataifa kwa sababu kitabu kinapatikana kwenye intaneti. Usitaje kwamba kimeidhinishwa kutumika shuleni kama huna ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania, au ya KICD, taasisi ya mitaala, kwa Kenya. Na kama BAKITA, baraza la Kiswahili la taifa, wamekipitia kwa upande wa lugha, sema hivyo, kwa sababu ni kweli na ina uzito. Hapa kuna haki moja tunayoisahau: msomaji atakayetoa Sh15,000 mfukoni kwa kuamini alichokisoma gazetini ana haki ya kukikuta ndani ya jalada.

Sasa niseme la uzinduzi, maana kwetu kitabu hakijazaliwa mpaka kizinduliwe. Mwandishi anakodi ukumbi, anaalika mgeni rasmi, na anaamini waandishi wa habari wakija basi kitabu kitaandikwa. Kesho yake gazeti linatoka na kichwa cha habari kinachosema kiongozi fulani amewataka vijana wapende kusoma, au amezungumzia barabara za jimbo lake. Kitabu kimetajwa kwenye aya ya saba, jina limekosewa, na picha inaonyesha meza kuu. Fedha yote ya mwandishi imenunua hotuba ya mtu mwingine. Waandishi wa habari hawakukosea: waliandika neno la mkubwa kwa sababu ndilo pekee walilopewa. Hakuna aliyewapa karatasi inayosema kitabu kina nini. Ukiwa na taarifa iliyoandikwa vizuri, itume siku kadhaa kabla ya uzinduzi, uwape tena mlangoni siku yenyewe, na mpe nakala mgeni rasmi pia ili hotuba yake iguse kitabu. Na kama uwezo ni mdogo, mimi ningeuacha ukumbi kabla ya kuiacha taarifa. Kitabu kinaweza kuwa habari bila viti vya kukodi.

Linakuja suala la bahasha. Ipo desturi katika miji yetu ya kumpa mwandishi wa habari fedha na kuiita nauli, na wapo waandishi wa vitabu wanaoamini bila hiyo hakuna kitu kitakachotoka. Siungi mkono, na sababu yangu si ya maadili pekee, ingawa maadili yangetosha. Habari iliyolipiwa hutoka mara moja, kwa namna ya mtu anayelipa deni, na mwandishi wa habari hana hamu ya kukufuata tena. Aliyekuja kwa sababu ya kile kipande cha mzee atarudi kuuliza kama unaandika kitabu kingine.

Kuhusu umbo la taarifa sitakaa sana. Ukurasa mmoja wa A4 unatosha, maneno 300 hadi 400. Juu andika "Taarifa kwa vyombo vya habari," tarehe na mahali, na kama habari isitolewe kabla ya siku fulani, iandike siku hiyo wazi. Kichwa cha habari kiwe na kitenzi na kiwe na jambo: "Maisha ya manamba wa Tanga yaandikiwa riwaya" kinamwambia mtu kitu, "Kitabu kipya chaingia sokoni" hakimwambii. Chini kabisa weka maelezo ya kitabu kwa pamoja: jina, idadi ya kurasa, bei, ISBN, kinapopatikana, na namba ya simu ambayo itapokewa. Nasema itapokewa, kwa sababu mhariri anayetaka kuhakiki jina saa kumi na moja jioni hatapiga mara tatu. Wasifu wa mwandishi uwe sentensi mbili tatu za yanayohusu kitabu. Vyeti vya semina havimsaidii mtu.

Picha nazo husahauliwa mpaka dakika ya mwisho. Tuma ya jalada na ya mwandishi, zote angavu na kubwa za kufaa kuchapwa, zikiwa viambatisho vya barua pepe, maana picha iliyopita WhatsApp hubanwa ikapoteza ubora. Andika chini ya kila picha nani yuko humo, kutoka kushoto. Na maandishi ya taarifa yenyewe yabandike ndani ya barua pepe, mhariri ayasome na kuyanakili bila kufungua kitu. Taarifa iliyopigwa picha kwa simu ikatumwa ni kazi ya kuichapa upya, na jioni ya gazeti hakuna mwenye muda huo.

Lugha inanipa uchungu zaidi. Mtu ameandika riwaya ya kurasa 200 kwa Kiswahili kinachotiririka, lakini akifika kwenye taarifa anavaa lugha ya barua za serikali: "napenda kuchukua fursa hii adhimu," "pasipo kusahau," "kwa namna ya kipekee kabisa." Kile kipaji alichokitumia kumwonyesha msomaji mvua ya Pangani kinatoweka. Taarifa inataka sentensi fupi, vitenzi vyenye kazi, majina ya vitu. Isome kwa sauti kabla ya kuituma. Hili lina faida ya pili: redio. Mtangazaji wa Pangani FM au wa idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1957, akiipata taarifa inayosomeka kwa pumzi moja, anaweza kuisoma kama ilivyo. Kwa maeneo mengi ya nchi zetu redio ingali inawafikia watu wengi wasioliona gazeti, na mwandishi anayeandika taarifa kwa ajili ya macho pekee amewaacha nje.

Siku ya kuituma nayo ichaguliwe. Tangu UNESCO ilipoitangaza tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, vyombo vya habari hutafuta habari za lugha na vitabu kila wiki hiyo inapokaribia. Tarehe hiyo inakumbusha 7 Julai 1954, TANU ilipozaliwa, na maonyesho ya Sabasaba Dar es Salaam huwa yanaendelea. Tarehe 23 Aprili ni Siku ya Vitabu Duniani. Nairobi ina maonyesho ya vitabu mwezi Septemba. Ila kitabu chako kina siku yake pia, na mara nyingi ndiyo bora: kwa riwaya ya vibarua wa mkonge, hakuna siku inayoishinda Mei Mosi. Lakini usitume siku yenyewe. Siku kama hizo taarifa za wizara na taasisi hufurika, na kurasa za makala za mwisho wa wiki hupangwa katikati ya wiki. Tangulia kwa siku kumi hivi.

Mtumie mtu mwenye jina. Fungua gazeti, tazama nani huandika habari za vitabu, elimu au utamaduni, soma makala zake mbili, kisha umwandikie yeye, kwa heshima na kwa ufupi, ukimwambia kwa nini unadhani habari hii inawafaa wasomaji wake. Mhariri wa Taifa Leo na wa Mwananchi hawana wasomaji walewale. Aya ya kwanza inaweza kubadilika kidogo kwa kila mmoja. Baada ya siku tatu nne piga simu mara moja, uulize kama imefika na kama anahitaji nakala ya kitabu au maelezo zaidi. Asipoitumia, mshukuru. Wahariri huhama magazeti, lakini hawasahau mtu aliyewarahisishia kazi.

Nawaomba na wahariri wenzangu jambo moja. Kurasa za vitabu katika magazeti yetu ya Kiswahili zimepungua, na habari za fasihi zimebaki kungoja tuzo zitolewe: ile ya Safal-Cornell, au Tuzo ya Mwalimu Nyerere inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu. Tuzo zinastahili kuandikwa. Lakini mwalimu wa Pangani asiyejua kanuni zetu naye ana habari, na wakati mwingine dakika tano za kumpigia simu na kumuuliza "baba yako alitoka wapi?" zinatosha kuipata.

Nawe mwandishi ambaye kitabu chako kiko kiwandani wiki hii: usingoje maboksi yafike. Chukua karatasi leo, andika sentensi mbili zinazosema kitabu chako kinamhusu nani, kimetokea wapi na kwa nini msomaji asiyekujua akijali. Msomee mtu ambaye hajakisoma. Akikuuliza swali, umepata taarifa. Asipouliza, andika tena.